Mathenge: jinsi ya kuitoa shambani isirudi tena, mwongozo kamili

Kila baada ya mvua naulizwa swali lile lile na watu tofauti, wa Marigat, wa Hola, wa Garissa mpaka Lodwar: nilikata mathenge yote (ule mti vamizi wa miiba, Prosopis juliflora), nikachoma, nikalipa vijana, mbona imerudi na sasa ni mingi kuliko kwanza? Jibu ni fupi. Mathenge haifi kwa kukatwa. Ukiikata juu ya ardhi umeipogoa tu, mahali palikuwa na shina moja utapata matano au kumi yamebanana, na hayo machipukizi mapya ndo yana miiba mikali.

Vile ilifika Kenya, nani aliileta, na vile wazee wa Ilchamus, jamii ya hapa Baringo, walifika mahakamani kwa ajili yake, hiyo tuiwache siku nyingine. Hapa ni kazi tu. Nimeandika nikifikiria mtu wa nyanda za Baringo, Ng'ambo, Salabani, Loboi na hapo karibu na mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Perkerra, lakini mtu wa Tana River au Turkana atatumia hatua zile zile, abadilishe tu miezi kulingana na mvua zao.

Na kitu kimoja nitakirudia mpaka uchoke nacho: usisafishe eneo kubwa kuliko lile unaweza kupanda nyasi na kulirudia. Wengi wanaoshindwa sio wavivu, ni watu wamefanya kazi ngumu sana kwenye ekari kumi mara moja alafu hawakurudi. Robo ekari iliyomalizwa vizuri inakaa safi, ekari kumi zilizokatwa na kuachwa zinageuka msitu mbaya zaidi.

## Vitu utakavyohitaji

Tafuta hivi kwanza, usianze na panga peke yake ukasema zingine zitakuja:

- Sururu na jembe la kuchimba. Sururu ndo muhimu kuliko zote.
- Mtaimbo wa kung'oa visiki
- Shoka lililonolewa, na panga la matawi madogo
- Msumeno wa mkono (pawa so, ule msumeno wa mashine, ukipata ni sawa, lakini inakata juu tu, haikuondolei kazi ya kuchimba)
- Mti mrefu wenye panda mbele, wa kusukuma na kuvuta matawi bila kuyashika
- Glavu za ngozi nzito, zile za kitambaa mwiba unapita
- Buti za ngozi zenye soli ngumu, suruali nzito, na miwani ya kukinga macho
- Kibano au plaizi ndogo ya kutoa miiba, maji safi na sabuni
- Rangi ya bei ya chini au vitambaa vya kufunga kwenye miti
- Magunia mazima yasiyo na matundu, ya kuokota maganda
- Mbegu za nyasi za kienyeji, kama kilo 2 kwa ekari
- Watu angalau wawili. Hii kazi usifanye peke yako.

Kuhusu miiba nisikike vizuri. Mwiba wa mathenge unapita soli ya sandali na tairi ya pikipiki, na ukivunjikia ndani ya mguu au karibu na kiungo unaweza kuvimba na kuuma kwa muda mrefu. Ukidungwa toa mwiba wote, osha na sabuni, na kama umeingia ndani sana au hujachanjwa pepopunda kwa miaka mingi enda zahanati siku hiyo hiyo. Jicho likidungwa usingoje hata saa moja.

## Muda wa kufanya

Kata na kuchimba fanya kiangazi, malizia wiki chache kabla mvua ishike. Kwa nyanda za Baringo hiyo ni kusema anza Januari ama Februari, ili mvua ya Machi kwenda Aprili ikute umeshamaliza kuchimba na mbegu ya nyasi iko ardhini. Ukikata katikati ya mvua visiki vitachipuka kwa kasi na nyasi itakuwa imechelewa.

Alafu angalia maganda. Kama miti imebeba maganda ya njano yaliyokomaa, kazi ya kwanza ni kuyaokota, sio kukata. Mti ukianguka na maganda yake umejipandia shamba jipya la mathenge kwa mkono wako mwenyewe.

## Hatua ya 1: Tenganisha mathenge na miti yetu

Hapa ndo hasara kubwa hutokea. Kijana amepewa kazi ya kukata mathenge, anakata mgunga pia, labda hajui tofauti au anajua mgunga una makaa mazuri, na mwisho unabaki bila kivuli, bila chakula cha mbuzi cha kiangazi, na mathenge inarudi peke yake kwa sababu hakuna mti wa kushindana nayo.

Tembea eneo lote kabla ya panga kutolewa. Mathenge utaijua hivi: kiangazi kikali kila kitu kimekauka yenyewe bado ni kijani. Maua ni marefu ya njano yanayoning'inia kama viwavi. Maganda yanakaribia kunyooka, yamejikunja kidogo tu, ni manene yenye utamu, urefu wa sentimita 10 mpaka 25 hivi. Matawi yanaenda zigizaga, na miiba imenyooka, mara nyingi miwili miwili panapotoka jani.

Mgunga ule wa mwavuli (Acacia tortilis) maganda yake yamejisokota, maua ni vifundo vidogo vyeupe vya mviringo, na kwenye tawi moja utapata miiba mirefu meupe imechanganyika na mifupi iliyopinda. Kikwata kina miiba mifupi myeusi iliyopinda inayokushika nguo, na majani yake ni machache na mapana kidogo. Mswaki hauna miiba kabisa. Mjunju una miiba mirefu ya kijani lakini majani yake yanatoka mawili mawili, sio yale madogo madogo yaliyopangwa.

Funga kitambaa au paka rangi kila mti wa kienyeji, hata ule mdogo wa kufika magotini, huo mdogo hasa kwa sababu ndo utakatwa bila mtu kuuona. Alafu waambie wote watakaofanya kazi: chenye rangi hakiguswi.

Umefaulu ikiwa: mtu ambaye hamkutembea naye anaweza kuingia na akajua cha kukata na cha kuacha bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Chagua pa kuanzia

Watu wengi huanza pale mathenge imekuwa msitu, kwa sababu pale panaudhi. Mimi nakwambia anza pale iko chache.

Sababu ni hii. Mti mmoja uliosimama peke yake kwenye malisho safi utaangusha maganda, mbuzi watakula, watatembea nayo, na baada ya misimu michache malisho yote yamepotea. Mti huo unaweza kuumaliza asubuhi moja. Msitu uliobanana tayari umeharibika na hautaharibika sana zaidi ukingoja mwaka, lakini malisho safi yakiingiliwa umepoteza kitu kikubwa.

Kwa hivyo orodha iwe hivi: kwanza ile miti michache kwenye malisho mazuri, pili ile iliyo njiani mwa maji na kwenye njia za mifugo (hiyo inasambaza mbegu mbali), tatu ukingo wa msitu ukiingia ndani pole pole, na katikati ya msitu mwisho kabisa.

Kama ni ukingo wa mto au laga (mto wa msimu) usisafishe wote mara moja hata kama una watu wa kutosha. Mizizi ya mathenge ndo imeshika udongo pale kwa sasa, ukiitoa yote mafuriko ya kwanza yatabeba ukingo. Toa kwa vipande, panda nyasi na miti ya kienyeji kwenye kipande hicho, ishike, ndo uende kingine.

Na kama ni ardhi ya jamii, kaeni chini kwanza na wazee, chifu na majirani. Mnasafisha wapi, nani atazuia mifugo isiingie kwa msimu mzima, kuni na makaa ni ya nani. Nimeona kazi nzuri sana ikiharibika kwa sababu hilo la mwisho halikusemwa mapema.

## Hatua ya 3: Maganda kwanza

Okota maganda yote yaliyo chini ya mti na yale yanayofikika juu, weka kwenye magunia. Tikisa matawi na ule mti wenye panda. Usiburute magunia yaliyotoboka.

Ganda moja lina mbegu nyingi, mara nyingi zaidi ya 10, na kila mbegu imefungwa kwa koti gumu sana. Hilo koti ndo linafanya mbegu ipite tumboni mwa mbuzi au ng'ombe ikiwa nzima, na ikitoka pamoja na kinyesi iko tayari kuota. Ardhini mbegu inaweza kukaa miaka mingi ikingoja mvua nzuri.

Maganda utayafanyia nini? Choma kabisa mpaka majivu, au saga. Yakikaushwa vizuri mpaka yanavunjika kwa mkono yanasagika kwa mashine ya nyundo, ile ya kusaga chakula cha mifugo, na yakisagika laini mbegu zinavunjika na unga wake ni chakula kizuri. Yakiwa na unyevu yanaganda kwenye mashine kwa sababu ya sukari, fundi wa mashine atakufukuza. Changanya na nyasi na vyakula vingine, mimi nisingevuka moja ya tano ya anachokula mnyama. Mbuzi wakiachwa wale maganda mazima peke yake kwa muda mrefu meno na ufizi vinaharibika, na tumbo linaweza kuziba.

Onyo: unga ukiona bado una mbegu nzima, rudisha usage tena. Mbegu nzima kwenye unga ni sawa na kumwaga maganda.

Umefaulu ikiwa: unaangalia chini ya mti huoni ganda la njano, na ukipekua majani makavu hupati mengine yamejificha.

## Hatua ya 4: Ondoa matawi

Hii haina mengi. Kata matawi ya chini kwanza ukitengeneza nafasi ya kusimama, yasukume kando kwa mti wenye panda, usiyakusanye mahali mtu atapita. Acha shina la kiasi cha mita moja limesimama, litakusaidia kuyumbisha kisiki baadaye.

Matawi yasiyo na maganda yafanye ua kuzunguka eneo. Utahitaji huo ua sana kwenye hatua ya 6, kwa hivyo usiyachome yote kwa hasira.

## Hatua ya 5: Chimba kisiki (hapa ndo wengi wanashindwa)

Soma hii sehemu mara mbili tafadhali.

Mathenge inachipuka kutoka kwa macho ya machipukizi yaliyolala sehemu ya chini ya shina, hapo shina linapokutana na mzizi, kidogo chini ya udongo. Mimi naiita shingo. Mzizi wenyewe ulio chini ya shingo hauchipuki. Kwa hivyo huna haja ya kung'oa mzizi wote, na hutaweza, mzizi mkuu unaenda chini sana kutafuta maji. Unachohitaji ni kukata chini ya shingo na kutoa yote iliyo juu ya hapo. Ukikata sentimita moja juu ya shingo umefanya kazi ya bure, ukikata chini yake mti umekufa.

Fanya hivi:

1. Kwa sururu, chimba shimo kuzunguka shina, upana wa kukutosha kuzungusha shoka. Usichimbe upande mmoja tu.
2. Toa udongo mpaka uone shina linabadilika, linaanza kupungua unene na mizizi ya pembeni inatoka. Hapo ndo shingo.
3. Endelea chini ya hapo. Mti mdogo wa unene wa kidole au mkono, sentimita 10 mpaka 15 chini ya ardhi zinatosha. Mti mkubwa enda 20 mpaka 30.
4. Kata mizizi ya pembeni yote kwanza, alafu mzizi mkuu.
5. Sukuma lile shina la mita moja huku na huku, tumia mtaimbo, toa kipande chote.
6. Angalia shimo. Kuna kipande cha shina kimebaki na gome lake? Kitoe.
7. Acha shimo wazi siku chache ujihakikishie, ndo ufunike.

Kuna jambo ambalo watu wa nyanda za mafuriko lazima wajue. Mahali mto umeleta tope mwaka baada ya mwaka, ile shingo imefunikwa na iko chini zaidi ya kawaida, na shina lililozikwa lina macho pia. Huko kipimo cha sentimita 30 hakitoshi, usihesabu sentimita, fuata shina mpaka uione shingo yenyewe kwa macho. Nadhani hii peke yake ndo inaeleza kwa nini watu wa karibu na ziwa wanachimba na bado inarudi.

### Kisiki kikubwa kisichochimbika

Kipo, kinene kama pipa, na vijana wamechoka. Chimba kukizunguka mpaka shingo ionekane, jaza shimo na kinyesi kikavu cha ng'ombe na vipande vya kuni, uwashe moto wa pole pole uendelee mpaka kisiki kiungue chini ya ardhi. Moto wa juu juu wa majani hausaidii chochote, kisiki kinaungua gome tu na kinachipuka mvua ikija. Fanya siku isiyo na upepo, safisha nyasi kavu kuzunguka, na mtu akae hapo mpaka uzime.

Sasa ile oili chafu ya gari. Wengi wanamwaga kwenye kisiki. Naomba uache. Inaharibu udongo ambao wiki chache baadaye unataka uote nyasi, na karibu na mfereji au ziwa inaingia kwenye maji tunayokunywa sisi na ng'ombe. Dawa za kuua miti zipo, lakini ziwe zimesajiliwa kwa kazi hiyo na zitumike ukiwa na afisa wa kilimo anayezijua, sio chupa isiyo na lebo uliyouziwa sokoni.

Umefaulu ikiwa: wiki 6 baada ya mvua kuanza hakuna chipukizi linalotoka kwenye mashimo uliyochimba. Ukiona machipukizi mengi yametoka pamoja mahali pamoja, huo ni mti wa zamani, hukufika shingo, rudi uchimbe. Ukiona mmea mmoja mmoja umetoka peke yake, huo ni mche wa mbegu, ni habari nyingine na tutaifikia.

## Hatua ya 6: Panda nyasi mara moja

Ardhi iliyoachwa uchi ni mathenge inayongoja. Ulipotoa miti umefungulia jua, na mbegu zilizolala zote zinaona nafasi. Nyasi ikiwahi inachukua maji ya juu na mwanga, na miche ya mathenge inapata shida kujiimarisha. Kazi ya kuchimba inatoa mti, nyasi ndo inaufungia mlango.

Tumia nyasi za kienyeji za ukame: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kiboko wamezifanyia kazi miaka mingi, na hapa Baringo kuna vikundi vinavyouza mbegu zao. Enteropogon inaota haraka kuliko hizo zingine kwa hivyo nachanganya zote, moja inafunika ardhi mapema, zingine zinadumu.

Usitumie mbegu iliyovunwa juzi. Mbegu ya hizi nyasi ikiwa mpya inalala, inataka kukaa ghalani miezi kadhaa kabla ya kuota vizuri. Muulize anayekuuzia ilivunwa lini, na akibabaika tafuta mwingine.

Kwangua udongo kwa jembe, hasa ule mgumu wenye ganda juu, utengeneze mistari ya kina kifupi au nusu duara zinazoangalia juu ya mteremko ili zikamate maji. Mbegu ni nyepesi sana na inapeperuka, kwa hivyo changanya na mchanga mkavu ndo umwage, alafu funika kidogo tu, kina kisizidi sentimita 1 hivi. Ukiizika haitoki. Watu wengi wanasema mbegu ilikuwa mbaya kumbe waliizika.

Na zile mita chache kando ya maji panda miche ya miti yetu, mgunga, mkuyu, mswaki, uizungushie miiba ili mbuzi wasifike.

Onyo: mifugo isiingie kabisa mpaka nyasi itoe mbegu yake ya kwanza na kuiangusha. Najua hii inauma, kiangazi kimekuwa kirefu na unaona nyasi ya kijani ndani ya ua na ng'ombe wako wamekonda nje. Ukifungua mapema unapoteza nyasi yote na kazi yote. Kama huwezi kuvumilia kabisa, kata kwa mundu kidogo kidogo uwapelekee nje, ukiacha mizizi.

Umefaulu ikiwa: mwisho wa mvua ukisimama katikati ya eneo unaona nyasi nyingi kuliko udongo, na ukivuta shada moja kwa mkono halitoki.

## Hatua ya 7: Rudi, na urudi tena

Mvua ya kwanza itatoa miche ya mathenge, pengine mingi ya kukuvunja moyo. Usivunjike. Hiyo ni mbegu iliyokuwa imelala kwa miaka, na kila mche unaoung'oa ni mbegu moja imetoka kwenye akiba ya ardhi na haitarudi.

Wakati wa mvua zunguka kila wiki 3 au 4. Mche wa kimo cha kiganja unatoka wote kwa mkono udongo ukiwa na unyevu, mtoto wa shule anaweza. Ukiuacha mpaka kiangazi mzizi umeshaenda chini, umeota miiba, na sasa ni kazi ya sururu. Tofauti kati ya kazi ya dakika moja na kazi ya nusu saa ni hiyo tu, ulirudi lini.

Pita sehemu hizi kwanza: zizi la zamani, mahali mifugo hulala mchana chini ya kivuli, njia ya kwenda majini, kingo za mfereji, na pale takataka za mafuriko zimekwama. Mbegu ziko hapo kuliko kwingine.

Miaka miwili ya kwanza ndo mizito. Baadaye inapungua, ila usiache kabisa, zunguka kila msimu wa mvua kwa miaka mingi, ukichanganya na kazi zako zingine haichukui muda.

## Hatua ya 8: Funga njia za mbegu kurudi

Shamba lako linaweza kuwa safi na mifugo yako ikairudisha. Kama mbuzi au ng'ombe wamekuwa wakila maganda kwingine, wafungie kwenye zizi angalau wiki moja kwa chakula kisicho na maganda kabla ya kuwaingiza eneo safi. Mifugo uliyonunua sokoni vile vile, hujui walikuwa wapi.

Samadi ya zizi hilo usiipeleke moja kwa moja shambani. Irundike mahali pamoja, inyeshewe, miche iote hapo hapo, uing'oe, urudie mara kadhaa. Watu wa vitunguu na pilipili kule kwenye skimu wanajua shida ya mathenge kuota katikati ya mstari, mara nyingi imetoka kwenye samadi ama kwenye maji ya mfereji.

Usibebe maganda mabichi kwenye gari lililo wazi kutoka sehemu moja hadi nyingine, hata kama unaenda kuyasaga. Funga magunia.

## Kuhusu makaa na kuni

Makaa ya mathenge ni mazuri na yanaweza kulipia sehemu ya kazi, sio mbaya. Lakini pita ofisi ya KFS (huduma ya misitu) na ya kaunti kabla hujachoma hata gunia moja, kusafirisha makaa bila kibali kutakuletea kesi, hata kama mti wenyewe serikali iliutangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008.

Na mapatano na wachomaji yawe wazi: malipo ni baada ya kisiki kutolewa, sio baada ya makaa kutoka. Mchomaji akilipwa kwa gunia atakata juu, atachukua shina na kukuachia kisiki, na ana sababu nzuri ya kutaka kichipuke kwa sababu miaka michache baadaye atarudi kuvuna tena. Hesabu visiki, kagua mashimo, angalia ile miti yenye rangi kama yote bado imesimama, ndo utoe pesa.

Wafugaji wa nyuki wameniuliza pia, kwa sababu nyuki wanapenda maua ya mathenge, ni kweli. Ukisafisha pole pole kwa vipande vile nimesema, na ukaacha kila kikwata na kila mgunga, nyuki hawatakosa. Asali ya kikwata inajulikana tangu zamani, na maua yake huja hata kabla mvua haijashika.

## Kama eneo ni kubwa na huwezi kulimaliza

Usikate yote. Punguza. Ndani ya kichaka acha shina moja lililonyooka kwa kila mti, toa mengine yote, ng'oa kabisa miti iliyo kati kati ili iliyobaki iachane hatua kadhaa, na okota maganda kila msimu bila kukosa. Chini yake nyasi itaanza kurudi kidogo, mtu na mnyama wataweza kupita, na utapata kuni na nguzo. Alafu kila mwaka chukua kipande kimoja cha ukingoni ukifanye kwa hatua zote 1 mpaka 8.

Ukikwama mahali, niandikie ukisema mambo manne: ulichimba kina gani, ulipanda nyasi gani na lini, mifugo iliingia baada ya muda gani, na kinachorudi ni machipukizi ya kisiki au ni miche ya mbegu. Picha ya shimo lililofukuliwa ikionyesha mahali ulipokata itanisaidia kuliko picha ya shamba zima.